Mshale Umepanda: Injini Inachemka au Geji Inadanganya?

Pikapu moja ya dizeli, iliyokwisha kula chumvi nyingi, iliingia gereji ya Ndeeba hapa Kampala alfajiri, na kabla jua halijapanda ilikuwa imeshapewa majibu matatu. Fundi wa kwanza alisema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua. Wa pili alisema tatizo ni joto la nchi, rejeta haitoshi, iwekwe kubwa. Wa tatu, kijana aliyekuwa amechuchumaa akifunga gurudumu, alisema bila kuinua kichwa, "Mzee, hiyo ni sensa tu." Mwenye gari, mzee wa Kasese anayepeleka mizigo Mbarara na Kampala, aliwatazama wote watatu kisha akautazama mshale wa geji ya joto. Ulikuwa umekaa karibu na wekundu.

Mimi nilikuwa kwenye benchi nikisubiri zamu yangu. Kila alichosema kila mmoja kinaweza kutokea, lakini hakuna aliyemuuliza mzee lile swali la kwanza: mshale unapanda lini? Kuna watu wameuza ng'ombe kununua hedi ya injini ambayo haikuwa na ubaya wowote, kwa sababu swali hilo halikuulizwa. Kwa hiyo tulifungue jambo hili polepole, tukianzia mwanzo.

Injini ya dizeli inachoma mafuta kwa kubana hewa mpaka inakuwa kali kama jiko. Sehemu ya moto huo inasukuma gari, sehemu inatoka kwa ekzosi, na sehemu inabaki kwenye chuma. Hiyo iliyobaki lazima iondolewe, la sivyo chuma kitapinda. Kazi hiyo hufanywa na maji. Yafikirie maji kama boda: yanapakia joto kwenye injini, yanalishusha kwenye rejeta, yanarudi kuchukua abiria mwingine. Pampu ndiyo inayoyaendesha. Rejeta ndiyo steji ya kushusha, na feni huvuta upepo upite humo ili joto lishuke haraka.

Katikati ya njia kuna geti, nalo linaitwa themostati. Ni kidude cha shaba au chuma chenye nta ndani na springi. Injini ikiwa baridi, geti limefungwa na maji yanazunguka ndani ya injini peke yake. Yakifika joto lililoandikwa kwenye kidude chenyewe, mara nyingi kati ya nyuzi 76 na 88, nta inavimba, geti linafunguka, na maji yanaanza kwenda kwenye rejeta.

Halafu kuna kifuniko cha rejeta, ambacho watu wengi hukichukulia kama kizibo cha chupa. Sicho. Mama akiweka jiwe juu ya kifuniko cha sufuria ya maharagwe, mvuke unabanwa na maharagwe yanaiva upesi kwa sababu maji yamepata joto zaidi bila kukauka. Kifuniko cha rejeta kinafanya vivyo hivyo kwa springi. Na kwetu Uganda jambo hili ni zito kuliko kwa mtu wa Mombasa. Maji ya wazi yanachemka kwa nyuzi 100 ufukweni, lakini Kampala, takriban mita 1,200 juu ya bahari, yanachemka kwa kama 96. Kabale, karibu mita 2,000, ni kama 93. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9, yaani baa 0.9 za mgandamizo, huyaongezea maji nyuzi ishirini hivi kabla hayajachemka. Kikichoka mpira au springi, gari ambalo lingepanda kilima bila shida linaanza kutapika maji, na fundi anaanza kutafuta gasketi. Kifuniko ndicho kitu rahisi kuliko vyote kwenye mfumo huu, na ndicho cha mwisho kubadilishwa. Sijawahi kuelewa kwa nini.

Sasa tuje kwenye mshale. Mshale hauoni injini. Kinachoona ni sensa, kitu kidogo kama bolti, kimechomekwa mahali maji ya moto yanapopita, na kwenye magari ya zamani kina waya mmoja tu. Ndani yake kuna kitu kinachobana umeme. Kikiwa baridi kinabana sana, kikipata joto kinaachia. Umeme ukipita mwingi, mshale unapanda. Ukipita kidogo, unashuka. Yaani mshale ni mjumbe anayeleta habari aliyoambiwa, na kati yake na injini kuna waya, viungio, kutu na mikono ya mafundi wote waliowahi kupita humo.

Ukishajua hilo, unaweza kumpima mjumbe kabla ya kuihukumu injini. Kwenye geji hizi za zamani za waya mmoja, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha chomoa waya wa sensa. Mshale unapaswa kuanguka hadi baridi. Halafu gusisha ncha ya waya huo kwenye chuma cha injini kwa sekunde chache tu. Mshale unapaswa kupanda kuelekea moto. Mshale ukifanya yote mawili, geji na waya ni wazima, na shaka inabaki kwenye sensa au kwenye joto lenyewe. Usipoanguka ulipochomoa, waya umechunika mahali na unagusa bodi. Usipopanda, waya umekatika au geji imekufa. Wenye uangalifu huugusisha kupitia balbu ndogo ya dashibodi ili wasiiumize geji. Magari mapya yenye kompyuta usiyafanyie mchezo huu.

Kuna uongo mwingine wa mshale ambao unatambulika hata bila spana. Mshale wa joto na wa mafuta ukipanda pamoja, usiende kwenye injini kabisa. Geji nyingi za zamani, Land Rover za kale zikiwemo, hupewa umeme uliopunguzwa na kidude kimoja nyuma ya dashibodi, na kikiharibika geji zote mbili zinadanganya kwa sauti moja. Mshale ukiruka ghafla kutoka katikati hadi wekundu kama mtu aliyeumwa na siafu, hapo pia ni umeme. Lita kadhaa za maji na chuma kizito haviwezi kupata nyuzi 30 kwa kufumba na kufumbua.

Sensa yenyewe nayo ina visa vyake. Ile ya dukani inaweza kuingia kwenye uzi sawasawa lakini ikawa imetengenezwa kwa gari jingine, na inabana umeme kwa kipimo tofauti. Mshale utakaa juu siku zote, au chini siku zote, na wewe utahangaika na rejeta. Dizeli nyingi pia zina sensa zaidi ya moja: ya geji, na nyingine inayoiambia hita plagi, ile inayopasha silinda moto kabla ya kuwasha, iwake muda gani asubuhi. Nimeona mtu akibadilisha hiyo ya pili mara mbili na kulaani ya kwanza. Na kuna fundi anayezungushia uzi wa sensa ule utepe mweupe wa mafundi bomba, tabaka juu ya tabaka ili maji yasivuje, na kumbe sensa inategemea chuma hichohicho kukamilisha njia ya umeme.

Lakini uongo wa hatari kuliko wote ni ule wa mshale kukaa chini. Sensa hupima maji. Maji yakipungua mpaka sensa ikabaki hewani, inaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari, au hata mshale ukashuka, wakati hedi inaungua. Dereva anafurahi kwamba gari limepoa. Ukiwa njiani ukauona mshale umepanda kisha ukaanguka wenyewe bila wewe kubadili mwendo, simama.

Njia ya kumaliza ubishi ni kipimajoto cha bastola, ile ya kulenga bila kugusa. Angalia usichukue ile iliyokuwa ikielekezwa kwenye vipaji vya nyuso zetu milangoni wakati wa korona. Ile imetengenezwa kwa homa ya mtu na haifiki joto la injini. Chukua ya karakana. Lenga nyumba ya themostati, na kama chuma kinang'aa, bandika kipande cha utepe mweusi kwanza, maana chuma king'aavyo huidanganya. Injini iliyopata moto vizuri itaonyesha kati ya 80 na 95. Kama mshale uko kwenye wekundu na bastola inasema 86, funga boneti na utafute waya. Kama bastola inasema 108, mjumbe alikuwa mkweli.

Yule kijana wa Ndeeba hakuwa na bastola siku ile. Alimwambia mzee, "Zima taa." Mzee alikuwa ametembea usiku na taa za mbele zilikuwa bado zinawaka. Alipozima, mshale ukashuka hadi chini kidogo ya katikati. "Washa." Ukapanda. "Maji hayachemki kwa sababu umewasha taa, mzee." Alilala chini ya gari akatoka na habari: waya mnene wa athi unaounganisha bodi na injini haukuwapo. Ulifunguliwa siku giaboksi ilipotolewa, kule gereji nyingine, na haukurudi. Umeme wa taa ulikuwa unatafuta njia za vichochoro kurudi kwenye betri, ukaisumbua geji njiani.

Fundi wa gasketi alinyamaza. Hata hivyo, mzee alikuwa na la ziada. Alisema ni kweli usiku mshale humtesa, lakini hata mchana, akitoka Katunguru na mzigo akapanda Kichwamba, unapanda pia, tena taratibu, na akifika juu anakuta chupa ya akiba imemwaga maji. Hapo swali la lini likawa na jibu la pili, na hilo si la waya.

Gari linalochemsha kweli lina tabia. Likichemsha ukiwa umekwama foleni ya Kibuye au Clock Tower, halafu likapoa ukipata barabara, shuku upepo, maana likisimama upepo wote unatoka kwa feni. Angalia mkanda kama umelegea au unalia. Dizeli nyingi za zamani zina feni yenye klachi ya mafuta mazito katikati yake. Injini ikiwa imezimwa, izungushe kwa mkono. Inapaswa kukataa kidogo, na zaidi injini ikiwa ya moto. Ikizunguka yenyewe kama pia ya mtoto, klachi imekufa.

Likichemsha mlimani na mzigo, lakini mjini ni pole, shuku uwezo: joto linalozalishwa ni jingi kuliko linaloshushwa. Rejeta ndiyo mshtakiwa wa kwanza, na ina njia mbili za kuziba. Kwa nje, matope, nyasi na wadudu hujaa kati ya mapezi, hasa pale ambapo rejeta ya kiyoyozi imekaa mbele na kukuficha uchafu ulio nyuma yake. Kwa ndani, kutu na chokaa ya maji ya mtoni hufunga mirija. Ukiipitishia bastola rejeta ya moto kutoka upande hadi upande, palipoziba patakuwa baridi kuliko jirani zake. Mkono nao unajua, ukizima injini kwanza ili feni isikukate vidole.

Pampu ya maji huonyesha ugonjwa kwa kudondosha maji kwenye kitundu chake cha chini, au kwa kucheza ukiishika puli na kuitikisa. Na usisahau mpira wa chini wa rejeta. Ukilegea, pampu ikivuta kwa nguvu unaweza kunywea na kuziba njia, halafu ukizima injini unarudi umbo lake kama kwamba hakuna kilichotokea. Mpira wa juu ukiukuta umenywea asubuhi gari likiwa baridi, kosa ni la kifuniko: kina mlango mdogo wa kurudisha maji kutoka chupa ya akiba, na umekwama.

Mlimani kuna jambo la dereva mwenyewe pia. Pampu na feni zinaendeshwa na injini. Ukilazimisha gia ya nne huku injini inakoroma chini, unachoma mafuta mengi na unazungusha maji kidogo. Rudisha gia, injini ipumue, mshale utashuka. Na kama ulimwomba fundi akufungulie pampu ya dizeli ili gari lipate nguvu, ule moshi mweusi unaouacha nyuma ni mafuta ya ziada, na ya ziada hayo ni joto.

Gasketi ya hedi huungua, sikatai, lakini ina dalili zake. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, washa, utazame maji. Mapovu ya mwanzo baada ya kujaza maji mapya ni hewa iliyonaswa, yasikutishe. Yasipokwisha, na yakazidi ukikanyaga, moto wa silinda unapenya kwenye maji. Dalili nyingine ni mpira wa juu kuwa mgumu kama gurudumu dakika moja au mbili tu baada ya kuwasha, wakati maji hayajapata moto wa kutosha kujibana. Maji kupungua bila tone chini, pamoja na moshi mweupe usiokoma, ni ishara mbaya. Oili kuwa kama chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia pia. Ila utando mdogo mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake, kwa gari la safari fupifupi, mara nyingi ni unyevu tu.

Sasa lile la themostati, ambalo ndilo lililoeneza fujo kubwa. Utasikia kila gereji: hiyo ni ya wazungu wa baridi, itoe. Mantiki yake inavutia, ukitoa geti maji yanapita bila kizuizi. Kinachosahauliwa ni kwamba themostati za injini nyingi zina sahani ya pili chini. Geti la rejeta likifunguka, sahani hiyo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa nzima, njia ya mkato inabaki wazi saa zote, na sehemu ya maji inazunguka bila kufika rejeta kamwe. Ni kama boda anayezunguka steji na abiria yuleyule mgongoni. Tambarare hutahisi. Kilimani, na mzigo, utahisi. Na siku za mvua au mteremko mrefu injini itakuwa baridi mno, ikila mafuta na kutoa moshi, kwa sababu dizeli haipendi ubaridi.

Uongo mwingine ni kwamba kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, ni ya nchi za theluji. Kule inazuia maji kuganda, kweli, lakini hukohuko na hapa inazuia kutu na inapandisha kidogo joto la kuchemkia. Rangi yake haimaanishi kitu, kila kiwanda hupaka yake. Chagua inayotakiwa na gari lako, usichanganye mbili, na maji ya kuchanganyia yawe safi, si ya bwawa.

Ukikutwa njiani, weka gari pembeni. Kama mkanda umekatika au maji yamemwagika, zima mara moja. Kama maji yapo na feni inazunguka, iache injini ikiunguruma bila mzigo dakika chache, washa hita ya ndani kwa nguvu zote hata kama utatoka jasho, maana hiyo ni rejeta ndogo. Usifungue kifuniko kikiwa cha moto. Na usikubali vijana wenye madumu wakumwagie maji baridi juu ya injini. Wana nia njema, ila chuma kinapasuka.

Tumrudie mzee. Walifunga waya wa athi, mshale ukatulia hata taa zikiwaka. Kisha wakaivuta rejeta ya kiyoyozi mbele kidogo wakapiga maji kutokea nyuma, upande wa injini. Kilichotoka kilikuwa udongo, nyasi, na mabawa ya senene wa msimu uliopita, tena kwa wingi wa kumkera mpenda senene. Kijana akafungua nyumba ya themostati, akakuta patupu.

"Mzee, themostati yako iko wapi?"

Mzee akafungua droo ya dashibodi, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti lililobadilika rangi. Ilitolewa miaka minne iliyopita, akaambiwa aitunze asije akaihitaji. Pembeni ilikuwa imeandikwa 82. Wakaazima sufuria kwa mama wa chai, wakaitumbukiza kwenye maji juu ya sigiri, wote wanne wakainama kutazama, na fundi wa gasketi akiwa mbele yao. Maji yalipoanza kutoa vipovu vidogo chini, kidude kikafunguka polepole kama jicho. Mama wa chai akasema sufuria hiyo hairudishi tena jikoni kwake, wamlipe.